Jinsi ya kudai matengenezo ya waranti ya karavani mpya bila kuzungushwa

Siku niliyokabidhiwa karavani yangu ya kwanza mpya, yaani nyumba ndogo ya safari inayovutwa na gari, niliitazama kwa muda usiozidi dakika ishirini, nikatia saini, nikaifunga nyuma ya gari na kuondoka. Miezi kumi na minne baadaye, kona ya nyuma upande wa kulia ilikuwa imelainika kiasi kwamba ubao wa ndani ulibonyea kwa kidole, na muuzaji akanijibu kwamba waranti ya unyevu ilikuwa imekwisha nguvu kwa sababu niliichelewesha sevisi ya mwaka kwa wiki tatu. Maji yalikuwa yakiingia tangu mwanzo, kwa kuwa reli ya turubai, yaani ukanda wa juu ya ukuta unaoshikilia turubai la kivuli, haikuzibwa vizuri kiwandani, lakini sikuwa na kipimo, picha wala barua ya kuonyesha hivyo. Ninayoyaeleza hapa ni yale ambayo ningeyafanya kama ningeanza upya, nayo yanaanza kabla ya karavani kutoka katika uwanja wa muuzaji.

Jua unadai nini, na unamdai nani

Mnunuzi wa karavani huwa na ulinzi wa aina mbili, na wauzaji wengi hunufaika pale mnunuzi anapouchanganya. Wa kwanza ni waranti ya kiwanda, yaani ahadi ya hiari iliyoandikwa na mtengenezaji, yenye masharti yake, muda wake na orodha ya vitu isivyovigharamia. Wa pili ni haki ya kisheria ambayo mnunuzi anayo dhidi ya yule aliyemuuzia, na haki hiyo haifutwi na sharti lolote lililomo katika kijitabu cha waranti. Muuzaji anayesema, “Hilo ni suala la kiwanda, wasiliana nao wewe mwenyewe,” huenda anasema kweli kuhusu waranti, lakini hasemi kweli kuhusu wajibu wake yeye kama muuzaji.

Sheria hutofautiana baina ya nchi na nchi, na mifano mitatu inatosha kuonyesha jinsi tarehe zinavyoamua mambo. Nchini Uingereza, Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kuikataa bidhaa yenye kasoro na kurudishiwa fedha zake. Siku hizo zikishapita, muuzaji anapewa nafasi moja ya kutengeneza, na kasoro ikibaki, mnunuzi anaweza kuirudisha bidhaa au kudai punguzo la bei. Kasoro inayojitokeza ndani ya miezi sita ya kwanza huchukuliwa kuwa ilikuwapo tangu siku ya makabidhiano, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, muuzaji anawajibika kwa miaka miwili, na kwa uchache katika mwaka wa kwanza mzigo wa kuthibitisha uko juu yake. Nchini Australia, sheria hutofautisha kasoro kubwa na kasoro ndogo: ikiwa kubwa, mnunuzi ndiye anayechagua kati ya kurudishiwa fedha na kupewa nyingine, wala halazimiki kukubali matengenezo. Malalamiko kuhusu karavani mpya yaliongezeka huko hata Tume ya Ushindani na Watumiaji ya Australia ikatoa ripoti maalumu juu ya biashara hiyo mwaka 2022. Isome sheria ya nchi uliyonunulia kabla ya kuandika barua ya kwanza, kwa sababu hatua utakayoichukua katika wiki ya tatu inaweza kuwa haipo tena katika wiki ya sita.

Kuna jambo jingine linalowazungusha watu. Karavani ni mkusanyiko wa vitu vya watengenezaji wengi: friji na choo hutoka kwa kampuni moja, hita kwa nyingine, chasisi na ekseli kwa nyingine, na kila moja ina waranti yake. Kabla ya kupiga simu, andika mahali pamoja jina la mtengenezaji wa kila kifaa, namba yake ya utambulisho na muda wa waranti yake. Muuzaji akikueleza kwamba hita haimo katika waranti ya karavani, utakuwa tayari unajua imo katika waranti ya nani. Hata hivyo aliyekuuzia hita ile ni yeye, kwa hiyo wajibu wake wa kisheria hauhami.

Siku ya makabidhiano

Omba mapema kwamba siku hiyo karavani iwe imeunganishwa umeme, imejazwa maji na ina mtungi wa gesi, kisha tenga saa tatu. Muuzaji akisema hakuna muda wa kutosha, panga siku nyingine na usitie saini. Saini yako hutafsiriwa kuwa umeridhika na hali ya karavani, na mkwaruzo au ufa ambao hukuuandika siku hiyo utaambiwa umeusababisha wewe.

Anza nje. Simama kwenye kona na utazame ukuta kwa mshazari, mwanga ukipita juu yake, maana uvimbe na mawimbi ya paneli huonekana kwa namna hiyo tu. Kagua paneli za plastiki za mbele na nyuma, hasa kuzunguka taa, vishikio na pembe za madirisha, ukitafuta nyufa ndogo zinazotawanyika kama miale ya nyota. Nyufa hizo hutokana na skrubu iliyokazwa kupita kiasi au paneli iliyobanwa bila nafasi ya kutanuka, na huendelea kurefuka kila safari. Fuata mstari wa gundi ya kuziba kwa macho, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka sehemu. Unapaswa kuwa mmoja, usio na matundu wala mahali palipopakwa juu juu. Panda ngazi utazame paa, au piga picha kwa simu iliyofungwa kwenye fimbo ndefu.

Ndani, fungua na ufunge kila mlango, kila droo na kila dirisha. Jaza sinki mpaka juu, kisha uachilie maji yote kwa pamoja huku mtu mwingine akitazama mabomba chini kwa tochi, kwa kuwa bomba linalovuja kidogo halionyeshi kitu maji yanapotoka kwa matone. Washa friji kwa gesi na kwa umeme, washa hita, washa maji ya moto. Tembea sakafu yote bila viatu, polepole, hasa mlangoni na mbele ya jiko. Mwisho tazama matairi: ubavuni kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Karavani iliyokaa uwanjani kwa muda mrefu kabla ya kuuzwa hujulikana hapo.

Kila kasoro uliyoiona iandikwe katika karatasi ya makabidhiano, ipigwe picha, na muuzaji aitie saini pamoja nawe. Ahadi ya mdomo kwamba “tutayamaliza hayo kwenye sevisi ya kwanza” haina uzito wowote mfanyakazi aliyeitoa akishaondoka.

Unyevu

Kasoro nyingine zote za karavani huonekana au husikika. Unyevu haufanyi hivyo, na ndiyo sababu ninaupa nafasi kubwa kuliko yote. Ukuta wa karavani kwa kawaida ni tabaka tatu zilizogandishwa pamoja: ganda la nje la alumini au faibagilasi, povu jepesi katikati, na ubao mwembamba wa plaiwudi ndani uliofunikwa kwa karatasi ya mapambo. Katika ujenzi wa kizamani kuna pia fremu ya mbao ndani ya ukuta. Maji yakiingia kupitia tundu la skrubu huteremka kati ya tabaka hizo, hulowanisha mbao kwa miezi mingi, na karatasi ya mapambo hubaki safi na kavu muda wote huo. Doa likishaonekana ndani, mbao zilizo nyuma yake mara nyingi zimekwisha kuoza.

Mahali pa kuingilia panajulikana. Reli ya turubai imefungwa kwa skrubu nyingi zinazotoboa ganda la nje kwenye kiungo cha paa na ukuta, na kila skrubu ni njia ya maji ikiwa gundi chini ya reli ni pungufu. Baada ya hapo ni madirisha ya paa, taa za pembeni, vishikio, fremu ya dirisha la mbele na pembe za chini za nyuma, ambako maji yaliyoingia juu hukusanyika. Msukosuko wa barabara huzidisha, kwa sababu kuta hujikunja kidogo kila unapovuta, na gundi iliyokauka haijikunji nazo.

Nunua kipimaunyevu chako mwenyewe. Si kifaa cha gharama ukilinganisha na kinachoweza kuokolewa, na kinakupa jambo ambalo hakuna mtu mwingine atakupa, yaani mfululizo wa vipimo vilivyochukuliwa mahali palepale tangu mwezi wa kwanza. Chora ramani rahisi ya karavani, weka namba katika sehemu thelathini au arobaini, hasa ndani ya makabati, chini ya viti, pembeni mwa kila dirisha na kwenye pembe zote za dari, na upime kila baada ya miezi mitatu. Vipimaunyevu vyenye sindano huacha vitundu vidogo, kwa hiyo vitumie mahali pasipoonekana. Usipime karavani iliyotoka kuoshwa ndani au iliyolalwa usiku wa baridi madirisha yakiwa yamefungwa, kwa kuwa utapima jasho la ndani badala ya maji yanayopenya. Kumbuka pia kwamba chuma kilicho nyuma ya ubao, kama bano au skrubu, hukidanganya kifaa. Kipimo kimoja kikubwa kati ya vidogo kirudiwe sentimita chache pembeni kabla hujaingiwa na hofu.

Katika karatasi za sevisi, asilimia 15 au chini ya hapo huhesabiwa kuwa hali ya kawaida. Kati ya 15 na 20 ni eneo la kuangaliwa na kupimwa tena. Ikizidi 20, kuna sababu inayopaswa kutafutwa, na ikizidi 30 huenda mbao zimeanza kuharibika. Hata hivyo, ninathamini zaidi mwelekeo kuliko tarakimu moja: sehemu iliyokuwa 11 mwezi wa tatu, 14 mwezi wa sita na 18 mwezi wa tisa inapata maji, hata kama fundi ataandika kwamba bado iko ndani ya kiwango kinachokubalika. Peleka dai wakati huo huo. Mtu anayengoja ifike 30 humpa muuzaji nafasi ya kusema kwamba mmiliki alijua akanyamaza.

Sakafu nayo ina ugonjwa wake. Sehemu inayonesanesa au kulia unapokanyaga mara nyingi ni mahali ambapo plaiwudi imebanduka kutoka kwenye povu. Matengenezo ya kawaida ni kutoboa vitundu kwa mpangilio, kuingiza gundi ya kemikali mbili zinazochanganywa, kuziba kwa vijiti na kuweka uzito juu mpaka ikauke. Kazi hiyo hufanikiwa ikiwa sakafu ni kavu. Ikiwa ubao umelowa, chanzo cha maji kitafutwe kwanza, la sivyo gundi itashika kwa msimu mmoja tu.

Sevisi ya mwaka na ushahidi wake

Waranti nyingi za unyevu zinaahidi miaka mingi, lakini huwa hai mwaka kwa mwaka tu: sevisi na kipimo cha unyevu lazima vifanyike ndani ya kipindi fulani kabla au baada ya tarehe ya ununuzi, katika gereji inayotambuliwa na mtengenezaji, na kijitabu kigongwe muhuri. Ukikosa mwaka mmoja, miaka iliyobaki inaweza kufutwa. Soma kipindi hicho katika kijitabu chako, na uombe nafasi miezi mitatu mapema, kwa barua pepe, kwa sababu gereji hujaa katika msimu wa safari. Wakikujibu kwamba nafasi ya kwanza iko nje ya kipindi, mwandikie mtengenezaji siku hiyo hiyo, ukiambatisha jibu lao, na uombe idhini ya maandishi ya kuchelewa. Hapo ndipo mimi nilipoteleza. Nilipiga simu, nikaambiwa “wiki tatu si kitu”, na simu ile haikuacha alama yoyote.

Kupata muhuri hakumaanishi kwamba kazi imefanyika. Baadhi ya sevisi huishia kwenye kuosha na kujaza karatasi, na mmiliki anaweza kuligundua hilo bila kuwa fundi. Njia ninayoiamini zaidi iko kwenye breki. Ili kusafisha na kukagua viatu vya breki, fundi lazima atoe ngoma, na katika ekseli za AL-KO, kampuni inayotengeneza chasisi na ekseli za karavani, zenye beringi zilizofungwa kabisa, nati kubwa ya katikati ya gurudumu ni ya kutumika mara moja: ikishatolewa, mpya hufungwa kwa nguvu ya nyutoni mita 290. Kwa hiyo ankara ya sevisi kamili inapaswa kuonyesha nati mpya, mbili kwa ekseli moja na nne kwa ekseli mbili. Weka alama ndogo ya rangi kwenye nati hizo kabla ya kupeleka karavani. Ukiikuta alama yako mahali pake huku karatasi ikisema ngoma zilitolewa, una swali la kuuliza, na uliulize kwa maandishi. Ufikapo nyumbani, hakiki pia nati za magurudumu kwa spana yenye kipimo, na uzirudie baada ya kilomita 50 hivi za kwanza, kwa sababu gurudumu lililofungwa upya huweza kulegea.

Dai kila mara karatasi ya vipimo vya unyevu yenye tarakimu kwa kila sehemu. Ile inayosema “sawa” peke yake haikusaidii chochote miaka mitatu baadaye.

Kuandika dai

Anzisha daftari moja la karavani, na dai lolote litoke humo. Kila kasoro ipewe namba yake, tarehe ilipoonekana, mahali ilipo, hali ya hewa siku hiyo na picha mbili, moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha ni sehemu gani ya karavani. Barua iwe fupi. Taja namba ya chasisi, tarehe ya ununuzi na tarehe ya sevisi ya mwisho, eleza kasoro bila kukisia chanzo, isipokuwa una uhakika, sema unachotaka, kisha taja siku unayotarajia jibu. Mfano wake ni huu:

“Tarehe 4 Machi nilipima asilimia 24 katika kona ya juu ya nyuma, upande wa kulia, ndani ya kabati. Tarehe 2 Desemba sehemu hiyo hiyo ilikuwa asilimia 13. Nimeambatisha picha na jedwali la vipimo vyote. Naomba karavani ichunguzwe, chanzo cha maji kielezwe kwa maandishi na matengenezo yafanyike bila gharama kwangu. Naomba jibu lenye tarehe ya uchunguzi kabla ya tarehe 18 Machi.”

Zingatia kwamba barua hiyo haina hasira. Hasira ni haki ya mtu aliyelipa fedha nyingi akapewa kitu kibovu, lakini anayeisoma barua mara nyingi ni karani anayetafuta namba ya chasisi, na baadaye huenda akaisoma mwamuzi. Ukizungumza kwa simu, andika barua pepe siku hiyo hiyo: “Kama tulivyozungumza leo saa nne asubuhi, mmeniahidi kwamba…” Asiyekanusha amekubali, au angalau itakuwa vigumu kwake kukanusha baadaye.

Karavani ikiwa gereji

Matengenezo ya waranti husubiri mambo mawili, idhini ya mtengenezaji na vipuri, na yote mawili huchukua miezi. Usikubali jibu la “tumeagiza” peke yake. Omba namba ya agizo na tarehe lilipotumwa kiwandani. Kwa kuuliza tu hivyo, nimewahi kugundua kwamba agizo halikuwa limetumwa kabisa. Ikiwa karavani inaweza kutumika salama, kaa nayo mpaka vipuri vifike, maana karavani iliyoachwa uwanjani huwa ya mwisho katika foleni na hupata mikwaruzo isiyokuwa na mwenyewe. Kabla ya kuiacha, ipige picha pande zote na paa.

Unapoichukua, usitazame tu kama inapendeza. Uliza jinsi maji yalivyozuiwa. Matengenezo sahihi ya reli ya turubai ni kuitoa yote, kukwangua gundi ya zamani, kukausha au kubadilisha mbao zilizoathirika, kisha kuifunga upya juu ya gundi mpya isiyokauka. Ukikuta mstari mpya wa silikoni umepakwa juu ya ule wa zamani, jua kwamba shimo limefunikwa tu, na tena umeongezewa tatizo, kwa kuwa gundi nyingine haishiki vizuri juu ya mabaki ya silikoni. Pima unyevu papo hapo, rudia baada ya wiki sita na baada ya mvua kubwa ya kwanza. Chukua pia karatasi ya kazi inayoeleza kilichofanyika. Kasoro ile ile ikirudi, karatasi hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba muuzaji amekwisha kupewa nafasi yake ya kutengeneza.

Wakikataa

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi pamoja na kifungu cha waranti wanachokitegemea. Sababu mbili hutumika mara nyingi: kwamba gundi ya kuziba ni jukumu la mmiliki, na kwamba uchakavu ni wa matumizi. Karavani ya miaka miwili yenye vipimo vinavyoonyesha maji yakipanda tangu miezi ya kwanza huzijibu zote mbili. Pale ambapo vipimo vyako havitoshi, mlipe mkaguzi huru asiye na uhusiano na muuzaji wala kiwanda, umwombe aandike chanzo cha kasoro na kama kilikuwapo wakati wa utengenezaji, wala si makadirio ya gharama peke yake. Usiruhusu mtu mwingine aifungue sehemu hiyo kabla ya ripoti, na usiitengeneze mwenyewe, hata kama ni skrubu chache.

Angalia pia jinsi ulivyolipa. Nchini Uingereza, Kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Watumiaji ya mwaka 1974 kinaifanya kampuni ya kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji kwa bidhaa yenye bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000, hata kama ulilipa kwa kadi hiyo sehemu tu ya bei. Ulinzi huo ni muhimu zaidi muuzaji anapofilisika, jambo ambalo waranti ya kiwanda haitoi jibu lake sikuzote.

Ukiamua kuirudisha karavani, mwandikie muuzaji kwamba unaikataa, taja kasoro na majaribio ya matengenezo yaliyofanyika kwa tarehe zake, na kuanzia siku hiyo uache kuitumia. Ondoa vitu vyako, piga picha za mwisho, pima unyevu sehemu zote za ramani yako kwa mara nyingine, na uihifadhi mahali salama, bima yake ikiendelea, mpaka muuzaji aje kuichukua.